Mwano wa Kwenye Simu

Kapiri Mposhi, Zambia
Jumapili, baada ya ibada

Baba,

Shikamoo. Na mwangaluka juu yake, maana najua shikamoo peke yake huwa unaipokea kama salamu ya ofisini. Sijui barua hii itakufikia saa ngapi, lakini nakuamkia ya asubuhi kwa sababu asubuhi ndiyo saa ninayokuona vizuri kichwani, umekaa mlangoni mwa zizi na kikombe chako cha bati, hujamjibu mtu mpaka umalize kuwakagua ng'ombe. Mguu wa kushoto unaendeleaje? Mama aliniambia umepona, lakini kwa Mama kila mtu amepona. Mvua je, imefika Bukundi au imeishia kwa majirani kama mwaka jana? Pamba imeota?

Mimi ni mzima. Kidole kilichobanwa na jeki kimeota ukucha mpya, kibaya kama kwato, lakini kinafanya kazi. Bado niko kwenye yadi ile ile ya malori, bado nalala chali chini ya matela ya watu nikifunga breki, na msimamizi wetu bado ananiita "Tanzania", kana kwamba nchi nzima ilikuja kuomba kazi kwake. Ugali wao wanauita nshima, dagaa wao wanawaita kapenta. Nakula nashiba. Michembe sijaionja tangu iishe ile aliyonifungia Mama, na nimekoma kuwasimulia wenzangu habari zake maana wakisikia viazi vilivyokaushwa wanadhani nasifia viazi vilivyoharibika.

Utajiuliza kwa nini nimeshika kalamu wakati simu ipo. Nimeandika kwa sababu karatasi hairushwi. Mtu akitaka kuipeleka kwa jirani, lazima ainuke, avae viatu, atembee, na akiwa njiani anaweza akafikiri. Jilala, yule dereva wa Malampaka anayepita hapa na shehena ya shaba, anakwenda likizo kwao. Ataifikisha kwa Milembe Bariadi, na dada atakuletea mkononi. Nitaibandika kwa gundi ya matairi, kwa hiyo utahitaji kisu. Vaa miwani, isome mwenyewe, polepole kama unavyosoma zaburi, usimpe mtu akusomee. Na usiruke ukurasa hata ukikasirika. Utakasirika. Mimi nimekasirika tangu siku ya hukumu na mpaka leo sijapoa.

Miaka minne, Baba! Kila nikijaribu kuandika habari nyingine mkono unarudi hapo hapo. Mdogo wangu Maduhu, ambaye hajawahi hata kugombana na mwamuzi wa mpira, amefungwa miaka minne kwa kuchochea chuki mtandaoni, wala hakupewa nafasi ya faini. Na Bwana Festo, mwenye ile sauti na mwenye yale maneno, alilipa faini siku ile ile, akapanda gari lake, na Milembe anasema kabla ya saa kumi alikuwa dukani kwake Bariadi akimpigia mtu hesabu ya dawa za pamba. Wanasema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Huu msumeno wetu nahisi una meno upande mmoja.

Nitayarudia hata yale unayoyajua, kwa sababu kwangu yalifika vipande vipande na nataka tuyaone yamepangwa.

Ng'ombe wa Mzee Lugembe walipotea mchana, watu wakiwa mashambani wanavuna pamba. Kabla mtu hajafuata nyayo, Festo, aliyezaliwa kijijini kwetu lakini anaishi Bariadi na ambaye kila mtu anajua anautaka udiwani, akarekodi sauti kwenye simu. Akasema wezi ni wale wageni wa ng'ambo ya mto, waliohamia na mifugo yao miaka mitatu iliyopita. Akasema wale ni kupe, na kupe habembelezwi, anachomwa. Mwenye rungu ashike rungu. Sauti yenyewe haikufika hata dakika moja. Maduhu akairusha kwenye grupu la kijiji na kuandika chini yake maneno mawili tu: "Mwano huo."

Na yowe la mwano likipigwa kwetu, nani anakaa? Watu wakaacha pamba kwenye mifuko wakavuka mto. Jua halijazama, nyumba mbili na ghala la mtama vilikuwa vimeteketea. Mama Elia, mmoja wa wale wageni, aliingia kwenye moshi kumtoa mjukuu wake, akatoka naye, na mkono wake wa kulia mpaka leo haufungi. Kesho yake ng'ombe wa Lugembe wakakutwa lamboni, wamechanganyika na ng'ombe wa shemeji yake mwenyewe, wanakunywa maji kwa amani. Hakuna aliyewaiba. Kila nikifikiria habari ya lile lambo natamani kupiga ukuta ngumi.

Kwa hiyo usidhani naandika kusema Maduhu hana kosa. Nilipokuwa nalalamika kwenye simu wiki ile ya hukumu, Milembe alinikata. Unajua dada anavyokata.

"Kaka," alisema, "ninyi wote mnamlilia Maduhu. Mama mnamsikia analia, mjomba analia, wewe huko unalia. Mama Elia nani anamlilia? Mimi nimeuona ule mkono. Anafunga kanga kwa meno."

Maneno yale yalichoma nyumba, na aliyeyabeba hawezi kusema alibeba maji. Serikali ikisema watu waadhibiwe kwa kuchochea watu wachukiane, mimi naitikia. Kinachonikaba ni vipimo. Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni.

Nimemwomba Milembe anisimulie siku ya hukumu mara nyingi mpaka amechoka. Faili zilikuwa mbili, meza moja, hakimu mmoja, asubuhi moja. Festo alisimama na wakili. Wakili akasema mteja wake amekiri na anajuta, ni mkosaji wa mara ya kwanza, ni mfanyabiashara, analipa kodi, ana wafanyakazi na watoto wanaomtegemea, na siku ile alipitiwa na uchungu wa ng'ombe wa nyumbani kwao. Festo mwenyewe akatoa leso. Milembe anaapa kwamba leso ilikuwa na alama za pasi, haijawahi kufuta jasho. Hakimu akaandika, akaandika, kisha akatamka faini.

Halafu akasimama Maduhu, peke yake.

"Ulisambaza ujumbe huu?"

"Ndiyo mheshimiwa, niliusambaza."

"Unajutia?"

Na hapo ndipo mdogo wangu alipojichimbia shimo kwa jembe tulilompa sisi. Akasema, kwa sauti ya mtu anayetarajia kupongezwa, "Mheshimiwa, mwano ukikufikia lazima uupokeze. Ukisikia ukanyamaza, unatozwa. Mimi sikunyamaza."

Watu wa nyuma waliguna. Milembe anasema alitamani kumrukia amzibe mdomo. Maduhu alidhani anajitetea! Alidhani kosa la kuogopwa mbele ya baraza lolote ni kusikia mwano ukakaa kimya, kwa hiyo akamhakikishia hakimu kwamba kosa hilo hakulifanya.

"Nani alikutumia?"

"Niliukuta tu kwenye simu, mheshimiwa."

Hakimu akamwambia simu haijitumii ujumbe. Maduhu akasema yale ambayo wewe unayakumbuka kuliko mimi, kwa sababu ulikuwepo: "Kama mnadhani nadanganya habari ya mwano, muulizeni baba yangu. Yule pale nyuma aliyeshika kofia. Alikuwa kamanda wa sungusungu."

Hakimu aliinua macho, Baba. Milembe anasema alitazama nyuma na kusubiri, si kwa muda mrefu, lakini alisubiri. Na wewe ukaitazama kofia yako.

Hakimu akarudi kwenye karatasi. Mshtakiwa haonyeshi majuto, anajivunia kosa, anaficha chanzo cha ujumbe, na jamii inahitaji funzo. Miaka minne. Mimi nauliza, kwa nini funzo la jamii nzima libebwe na mgongo mmoja? Waliovuka mto walikuwa wanaume zaidi ya vidole vyangu na vyako. Waliowasha moto wapo, wamepanda pamba, wanasalimiana kanisani. Aliyetunga maneno anauza dawa. Jamii imepata funzo gani hapo, zaidi ya kwamba ukitaka kuchochea, uwe kwanza na wakili?

Sasa niruhusu nikukumbushe mambo yako mwenyewe. Naandika kwa adabu, lakini naandika.

Ulipokuwa kamanda, Baba Mdogo Sita alisikia mwano mchana wa jua akaendelea kuvuna pamba yake. Ulimtoza mbuzi dume, sawasawa na ulivyomtoza mtu baki wiki iliyotangulia. Shangazi alikuja kukuomba, akakuambia ni ndugu yako, mmenyonya titi moja. Ulimjibu kwamba ungempunguzia ndugu yako, ungepata wapi uso wa kumtoza mwingine. Tuliila ile nyama ya mbuzi na Baba Mdogo naye akala, akilalamika kwamba ina chumvi nyingi. Hiyo ndiyo mahakama niliyoijua mimi kabla sijaijua nyingine.

Tena kuna ile habari ya Njile. Alikuwa na ugomvi wa mpaka wa shamba na jirani yake, akapiga mwano wa uongo ili watu wamvamie. Kabla hamjafika kwa yule jirani, wewe uliwasimamisha watu pale kwenye kichuguu ukauliza lile swali lako, "Umeona kwa macho au umesikia?" Kila mtu alikuwa amesikia. Ukarudi nao nyuma mmoja mmoja, huyu alisikia kwa nani, yule kwa nani, mpaka mkafika kwa Njile. Njile alitozwa ng'ombe. Waliopokeza bila kuuliza walitozwa kila mmoja mzigo wa kuni, ukapelekwa kwa yule jirani. Watu walinung'unika, wakasema wote wamekosa, walipe sawa. Ukasema, "Aliyewasha ni mmoja. Hawa wamepuliza." Sijasoma sheria, lakini nimekaa chini ya malori nikiyafikiria maneno hayo, na naona humo mlikuwa na haki yote tuliyoikosa mwaka huu. Aliyepuliza alipe. Lakini asilipe zaidi ya aliyewasha!

Ulikuwa na maneno hayo mdomoni siku ile. Hakimu aliinua macho akakungoja uyaseme. Angekusikiliza au asingekusikiliza, hilo lingekuwa lake. Mama anasema hukusimama kwa sababu ulihisi ukitamka neno sungusungu mbele ya polisi utamwongezea mtoto matatizo. Milembe anasema uliona aibu. Mimi sijui. Najua tu kwamba tangu siku ile hujakanyaga gerezani. Mama anakwenda, Milembe anakwenda, wewe unasema huwezi kumwona mwanao kwenye nguo za mkosaji. Nilipoambiwa hivyo nilitupa spana mpaka ikagonga tela la mtu, nikafokewa na msimamizi, na nilistahili.

Mwano wa zamani, Baba, aliyeupiga alikuwa wa kwanza kukimbia. Alisimama kwenye kichuguu, watu wakamwona ni fulani, na kama ni uongo alijulikana kabla vumbi halijatua. Huu wa sasa unapigwa na watu waliokaa. Festo alikuwa kwenye kiti chake Bariadi.

Na mimi nilikuwa chini ya lori.

Hapa ndipo nilipokuwa nakuambia usiruke.

Sauti ya Festo haikutoka kwake kwenda kwa Maduhu. Maduhu hata namba ya Festo hana. Festo aliiweka kwenye grupu la sisi tuliotoka, sisi tulio Dar, Mwanza, Geita na huku, ambao kila siku tunapigana vijembe na kuchangishana harusi. Ilinikuta nimelala chali, mkono mmoja unashikilia bolti. Niliisikiliza nusu. Nusu tu, Baba, nakuapia, na kwenye hiyo nusu neno kupe lilikuwemo tayari, na nikacheka. Nilimkumbuka Mzee Lugembe na ng'ombe wake, nikajiona niko mbali, sina rungu, sina miguu ya kukimbilia, nikataka na mimi nionekane nimeitikia mwano wa kwetu. Nikamrushia Maduhu kwa kidole gumba chenye grisi. Haikuchukua muda wa kukaza nati moja.

Maduhu alinijibu. Ujumbe wake ninao, nauandika kama ulivyo: "Kaka una uhakika? Huku hakuna aliyeona kitu."

Umesikia? Aliuliza lile swali lako. Mtoto uliyemlea aliuliza sawasawa na ulivyomfundisha. Na mimi mkubwa wake, niliyekusikia ukiliuliza kabla yeye hajaota meno, nikamjibu hivi: "Wewe pokeza tu. Mwano hauulizwi. Umeanza lini kuwa mwoga?"

Ndipo akaandika "Mwano huo" na kuurusha. Yale maneno mawili, yaliyosomwa mahakamani kama ushahidi wa nia yake mbaya, ni yangu. Yeye aliyaandika tu.

Kabla polisi hawajachukua simu yake aliyafuta mazungumzo yetu. Walipomuuliza nani alikutumia, akasema aliukuta kwenye simu, na hakimu akamhesabia kuwa anaficha chanzo. Chanzo ndicho hiki kinachokuandikia. Mama aliponipa ujumbe wake kutoka gerezani, kwamba "Maduhu anasema kaka asije, abaki na kazi yake, ndiyo inayowalisha," Mama alidhani mtoto ana huruma tu. Mimi nilielewa. Nikasema, "Sawa, Mama," na kesho yake nikaenda kazini kama kawaida.

Wanasema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Waliosema hawakuiona simu. Siku hizi kidole ndicho ulimi, na mimi nilijikwaa vyote viwili, halafu nikamwachia mdogo wangu achechemee. Miezi minane nimewalaani hakimu, Festo, wewe na kijiji kizima, na hasira zote zilikuwa za kweli, lakini kila nilipomaliza kulaani nilikuta bado kuna mmoja hajatajwa. Mara mbili nimeweka kidole juu ya neno Futa. Mara ya pili nilikuwa nimeshasali kwanza, nikidhani sala itanisaidia kufuta. Haikunisaidia, nashukuru.

Wiki iliyopita nilimpigia yule wakili wa msaada wa kisheria aliyetafutwa na Milembe, anayeshughulikia rufaa. Ni kijana, ana sauti ya haraka. Nilimsomea ujumbe wa Maduhu na jibu langu.

"Ndugu Ngasa," akasema, "unajua ukilileta hili unaweza kuunganishwa na wewe?"

"Najua."

"Na rufani si mahali pa kuleta ushahidi mpya hivi hivi. Nitaomba. Wanaweza kukataa."

"Wakikataa nitakuwa nimesimama."

"Basi usiguse hiyo simu. Usifute kitu, usiongeze kitu. Njoo nayo."

Akaniambia kama itakubaliwa, itaonyesha kwamba Maduhu alisita, kwamba hakuanzisha, na kwamba alikuwa anamficha ndugu yake, hakuwa anajivunia kosa. Akasema hatuombi aonekane malaika, tunaomba adhabu ilingane na kosa na ilingane na ya mwenzake. Nilipenda alivyosema, kwa sababu ndivyo ninavyoona na mimi.

Jilala nilipomweleza, maana ilibidi nimweleze kwa nini nataka kuibandika barua kwa gundi ya matairi, alishika kichwa. "Kaka, ya nini kujichongea? Mwenzio ameshabeba, kaa kimya, mpelekee sabuni na sukari, akitoka mnunulie bodaboda." Ni mtu mwema, hakusema kwa ubaya. Lakini nilitamani kushuka kwenye lori lake nisimpe tena barua hii.

Nimeomba ruhusa kazini. Msimamizi amesema Tanzania ikiondoka, kuna mtu mwingine atalala chini ya tela. Sawa. Nitaondoka siku kumi baada ya barua hii, nipitie Tunduma, na nitashukia Bariadi kwa wakili kabla ya nyumbani. Ndiyo maana nimeandika kwanza. Mbele ya uso wako ningeanza kuzungumzia mguu wako na mvua mpaka nikasahau, na pia sijui kama nitafika kwako kabla sijafika polisi. Sikutaka habari hii uipate kwenye simu ya mtu.

Baba, nakuomba uvae viatu uende ukamwone Maduhu kabla sijafika. Usimpelekee neno langu, mpelekee lako. Mwambie aliuliza swali sahihi. Hilo tu, atalielewa, na amelisubiri tangu siku ile ulipoitazama kofia. Halafu mpitie huyo wakili umweleze habari ya Njile na mizigo ya kuni, mwanzo mpaka mwisho, kama ulivyokuwa ukitueleza sisi. Anaweza kuiandika na kukuapisha. Hakimu wa rufani anaweza akaitupa pembeni kwamba ni mila za kijijini. Aitupe. Lakini iwe mezani.

Na yule mtamba wangu mwekundu, aliyezaliwa mwaka nilioondoka, mvushe mto umpeleke kwa Mama Elia. Mswage wewe mwenyewe, mchana, watu wote wakiona, usimtume mtu. Usimwambie ni zawadi na usimwambie ni msaada. Mwambie Ngasa ametozwa, na kwamba hajamaliza kulipa. Akikataa kumpokea, usimlazimishe. Rudi naye, na kesho yake umvushe tena.

Nisalimie Mama, umwambie ukweli taratibu na umpe kiti kwanza. Nisalimie dada Milembe, ambaye atakuwa amekaa mbele yako akijifanya haangalii barua. Mwambie mkono wa Mama Elia nauona kila ninapofunga bolti. Nisalimie Baba Mdogo Sita, umuulize kama bado anaona ile nyama ya mbuzi ilikuwa na chumvi nyingi. Na Mzee Lugembe nisalimie pia, sina neno naye, ng'ombe hupotea.

Wewe ndiye uliyetufundisha kwamba anayesikia mwano akanyamaza hutozwa, awe ndugu awe mtu baki. Mdogo wangu amenipigia mwano tangu aliposimama pale peke yake, na mimi nimeusikia vizuri sana, miezi yote hii, nikaendelea kukaza nati.

Nakuja kutozwa, Baba.

Mimi mwanao mkubwa, niliyempulizia mdogo wangu moto,

Ngasa